Bibi Harusi wa Mwaloni

Plataia, mwezi wa Prostaterio, mwandamo

Mnasithea kwa wifi yake Klearista, salamu.

Simo mwenye nyumbu ananiambia amekuona sokoni kwenu Kalkisi, unacheka na wauza samaki kama mtu asiye na mume. Nikamwambia mume anaye, tena yuko hapa Plataia anakula mikate ya shayiri iliyoungua, maana tangu uondoke mpishi ni mimi.

Nina habari nzuri. Mwaka huu tunasherehekea Daidala, sikukuu ya Hera na bibi harusi wa mti. Juzi tulikwenda wote kwenye msitu wa mialoni, tukaweka nyama ya kuchemsha chini, tukarudi nyuma kumngoja kunguru. Unajua inavyokuwa: watoto wamezibwa midomo, wanaume wanafukuza mwewe kwa kupunga mikono bila kutoa sauti, na Baba amesimama mbele ya watu kama vile kunguru ni kibarua wake. Kunguru wakaja wengi, wakazungukazunguka. Mmoja mwenye bawa bovu akanyakua pande la nyama, akaruka, nasi shingo zote juu kutazama atatua mti gani. Aliipita miti mizuri yote, ile iliyonyooka kama nguzo za hekalu, akaenda kutua kwenye mwaloni uliopinda kule bondeni. Watu wakaguna. Mama kuhani akageuka: "Mnaguna nini? Hera kachagua. Au mnataka tumwite kunguru mwingine mwenye akili zenu?"

Basi mti umeshakatwa, na wa kuuchonga uwe bibi harusi ni kaka yangu. Wazee walimtaja yeye kwa sauti moja. Damofilo akainama, akaupapasa mti toka shina hadi ncha, akasema, "Utafaa." Hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyosema tangu ulipofunga mizigo.

Wifi, rudi. Najua kilichokuuma, nilikuwapo. Baba alipokuambia mbele ya jamaa wote, "Mtini usiozaa unangoja nini shambani?" nilitamani ardhi ipasuke nizame. Na kaka akawa anatazama kikombe chake. Lakini kunyamaza kwake si kukubali. Ndivyo alivyozaliwa, marehemu Mama alikuwa akisema hata kulia alichelewa.

Baba bado anasemasema. Usikawie sana.

Mnasithea

*

Kalkisi, mwezi huohuo, mwezi mpevu

Klearista kwa wifi yake Mnasithea, salamu.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea Mama. Tulipofika kwa kunguru mwenye bawa bovu, Mama Nikippa alicheka mpaka sufu ikamdondoka mkononi. Mti uliopinda! Hapo ndipo ninapompendea Hera. Mungu mwingine angetaka ulionyooka, ili asifiwe.

Nyinyi wa bara mnamfanyia sherehe, lakini sisi wa kisiwani ndio tuliomlea. Alikulia kwetu, na alipogombana na mumewe alirudi kwetu. Bibi zetu walituonyesha mlima wenyewe tukiwa wadogo, wakatuambia tusipige kelele tukipita pale. Mnasithea, fikiri kidogo. Zeu mumewe ana radi mkononi. Miungu wote wakimwona amekunja uso wanatafuta pa kujificha. Mwanamke mmoja tu mbingu nzima aliwahi kumwambia, "Hapana, hili sikubali," akafunga mizigo akaondoka, akamwacha na radi zake. Watu humwita mwenye wivu. Mimi namwona ndiye pekee kule juu anayeamini kwamba ndoa ni ya watu wawili, na kwamba hata mfalme akiivunja atajibu. Namheshimu kuliko wote, na tangu nirudi kwetu heshima imezidi.

Sasa nisikilize. Baba mkwe hakunikasirisha. Ulimi wake ni uleule wa siku zote, ningeuzoea. Kilichoniondoa ni kile kikombe. Nilimtazama Damofilo nikingoja, naye akatazama kikombe, nami nikaendelea kungoja mpaka watu wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Ninataka neno moja. Asimame mbele ya baba yake aseme, "Huyu ni mke wangu, mwacheni." Akilisema nitarudi kwa miguu yangu, sihitaji hata nyumbu wa Simo. Asiposema nitabaki hapa nizeeke na Mama. Mtoto ni wa miungu kutoa, siwezi kumdai mtu. Neno ni lake.

Mwambie ajifunge kitambaa puani akichonga. Vumbi la mwaloni linamkohoza.

Klearista

*

Plataia, mwezi wa Agrionio, mwezi mpevu

Mnasithea kwa Klearista, salamu.

Wifi, usipoteze muda kuandika, njoo. Baba alikwenda Thespia kwa siku mbili, akarudi na mchumba wa kaka. Ni binti wa rafiki yake wa jeshini, anaitwa Filotera. Wamepatana aletwe siku ya Daidala na ndoa iwe kesho yake, eti siku hizo zina baraka. Shela ya zafarani imeshafumwa. Imo sandukuni mwetu, nimeishika kwa mkono huu.

Kaka hajasema ndiyo, wala hajasema la. Amejifungia bandani na mwaloni wake. Nikimpelekea chakula nakuta cha jana hakijaguswa.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili halisemwi tena, lipo. Njoo, Klearista.

Mnasithea

*

Kalkisi, mwezi huohuo, siku nne baadaye

Klearista kwa mjanja wa Plataia, wifi yangu, salamu.

Ama kweli nyinyi watu mna uso mkavu! Mimi nimeolewa kwenu jana?

Zeu aliposhindwa kumbembeleza Hera arudi, alimwendea mzee mmoja wa Kitheroni, mlima wenu huohuo. Mzee akamwambia: kata mwaloni, uchonge, uvishe shela ya zafarani, tangaza kwamba unaoa. Hera akasikia, akashuka mlima mbio na wanawake wa Plataia nyuma yake, akalivamia gari, akararua shela, akakuta gogo. Mwenyewe akacheka, wakapatana. Hadithi hii nimeisikia kwenu mpaka naweza kuisimulia usingizini. Na sasa, mwaka wa Daidala, mume wangu ndiye mchongaji, ghafla anapatikana mchumba wa Thespia ambaye mimi sijapata kumsikia! Hata rangi ya shela hamkujisumbua kuibadilisha.

Nilimsomea Mama akasema, "Hao wanakupenda, lakini hawana akili."

Basi mpeni bibi harusi salamu zangu. Mwambieni Damofilo amwoe, kwa baraka zangu zote. Ampake mafuta ya zeituni mengi asije akapasuka usiku wa kwanza. Wataishi raha mustarehe: yeye hatamgombeza, hatamwomba neno, na wakikaa mezani watashindana kunyamaza. Mimi si Hera. Sishuki mlima kwa ajili ya kuni.

Wewe lakini nakupenda kwa kujaribu. Si kila mtu ana wifi wa kumtungia uongo wa miungu.

Klearista

*

Plataia, mwezi wa Homoloio, mwandamo

Damofilo mwana wa Timolao kwa Klearista, salamu.

Mnasithea alinisomea barua yako. Alidhani nitacheka.

Umesema nimwoe kwa baraka zako. Nimemwambia Baba sawa.

Simo anakuletea kitanda chako cha kufumia, na nguo zako. Mguu wa kitanda uliokuwa umelegea nimeutengeneza.

Nilikuwa ninakuja kwenu. Nilisubiri nimalize mti kwanza, maana kazi ya mungu haiachwi katikati. Nilishapanga na maneno ya kukuambia. Nilikuwa nayasema bandani nikichonga.

Filotera ni mtoto. Sijui nitazungumza naye nini.

Kaa salama.

Damofilo

*

Kalkisi, mwezi wa Homoloio, siku ya sita

Klearista kwa Mnasithea.

Kitanda changu cha kufumia kimesimama uani kwa Mama. Nimekizunguka tangu asubuhi. Mtu anayeoa gogo hamrudishii mkewe kitanda cha kufumia.

Uliniambia ukweli nikakucheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndio huu. Wanawake wengine wote wa Kigiriki wangeambiwa "mumeo anaoa" wangeanza kupiga mayowe palepale. Mimi tu, kwa kuwa nimeolewa Plataia, nikaona nimefanyiwa Daidala. Na yeye maskini akaamini kila neno nililoandika. Alikuwa anakuja, Mnasithea! Alikuwa na maneno!

Simo anaondoka sasa na barua hii. Mimi nafuata kesho na wauza chumvi. Sijui kama nitawahi. Nikikuta ameshaoa nitageuza, lakini hiyo shela nitaiona kwa macho yangu kwanza. Nina hasira na kila mtu, zaidi na mimi mwenyewe. Na ninaogopa.

Usimwambie yeyote. Nikiwa na aibu, iwe ya kwangu.

Klearista

*

Plataia, mwezi wa Homoloio, mwezi mpevu umepita kidogo

Mnasithea wa Plataia kwa Mama Nikippa wa Kalkisi.

Shikamoo, Mama. Najua unakaa mlangoni kumngoja Simo, kwa hiyo naanza na lile unalotaka: mwanao yu hai, ni mzima, na hatoki tena hapa. Sasa kaa vizuri nikusimulie.

Siku ya Daidala ilifika bila Klearista. Nilikuwa nimekata tamaa. Filotera aliletwa asubuhi na mama yake. Ni mtoto kweli, Mama, ana kidevu kidogo kama cha paka, na alikuwa akiniuliza kila baada ya hatua kama kisima kiko mbali na nyumba. Kwa kuwa ni mgeni wa heshima, mama kuhani alimpa kazi ya mpambe, asimame garini kando ya bibi harusi wa mti. Na Baba, kwa kujionyesha, akatoa ile shela mpya ya zafarani avishwe kwanza bibi harusi wa mungu, ipate baraka, kesho yake ivaliwe na Filotera.

Kisha kaka akafungua banda. Mama, sijui nikuambieje. Ule mwaloni ambao watu waliugunia hakuunyoosha. Pale ulipopinda pakawa kiuno, na bibi harusi akawa anageuka nusu, kama mwanamke aliyesikia anaitwa. Mzee mmoja aliyeyaona masanamu ya Athene alivua kofia yake. Mimi ni dada yake, nimemfulia nguo zake zenye vumbi, na sikujua kwamba mkono wa mtu niliyekula naye unaweza kufanya kitu kama kile. Na alijua kabisa kwamba jioni kitachomwa juu ya mlima.

Tukamwosha mtoni Asopo, tukamvisha, tukampandisha garini. Ng'ombe wakaanza kuvuta. Baba mbele, kaka kando ya gurudumu, sisi wanawake nyuma tukiimba. Kwa desturi tukifika chini ya mlima ndipo mama kuhani hutokea, yeye ndiye Hera siku hiyo, huja kufungua shela na watu hucheka.

Hatukufika chini ya mlima. Kutoka barabara ya Thebe ikaja sauti ya mwanamke, na nikaijua. Alikuwa amepigwa na vumbi la chumvi toka nywele hadi viatu. Baadaye aliniambia alichokiona: mume wake anatembea kando ya gari, na juu yake mwanamke mwenye shela anageuka kumtazama. Aliona anageuka, Mama. Alisahau ni siku gani, akasahau gogo na hadithi yote aliyonicheka nayo. Kazi ya mume wake ilimdanganya macho.

Akawapita ng'ombe, akapanda kwenye gurudumu, akaishika shela kwa mikono miwili, akairarua.

Na akabaki ameshika kitambaa, anatazamana na mti.

Wanawake walipiga vigelegele, wakidhani mama kuhani kabadili mpango. Watu wakaanza kucheka, naye Klearista akacheka, alicheka mpaka akaketi garini machozi yakimtoka. Kisha akamwona yule mpambe aliyejibana pembeni yake.

"Na wewe mwanangu, unaitwa nani?"

"Filotera, bibi. Wa Thespia."

Kicheko kikamkatika. Nilimwona anamtazama yule mtoto, nami nikashika roho mkononi. Hera alikuta mti akapona. Huyu alikuwa mtu.

Filotera akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikuomba kuja, bibi."

Klearista akaikunja ile shela iliyoraruka, akamfuta nayo vumbi usoni. "Najua," akamwambia. "Hakuna aliyekuuliza."

Hapo Baba akapata sauti yake. "Mshusheni! Ametia najisi ibada! Mwanamke aliyekimbia nyumba yake!"

Mama kuhani alikuwa ameshafika, anahema. "Timolao, nyamaza. Hera naye hakuja kwa miadi. Miaka yote naigiza mimi. Leo yametokea yenyewe, nawe unataka kumshusha?"

Watu wote wakamgeukia kaka. Alikuwa mweupe kama jibini. Nikajisemea, sasa atatazama gurudumu. Akapanda garini, Mama, akasimama mbele ya ile kazi yake, akasema:

"Baba, huyu ni mke wangu. Azae, asizae. Sioi mwingine leo, wala kesho."

Hayakuwa mengi, lakini hata waliokuwa nyuma kabisa na mbuzi wa kafara waliyasikia.

Mama yake Filotera alimshusha binti yake palepale, na sikumwona akinuna. Alisema mtu hampeleki mwanawe mahali ambapo Hera ameshasema. Sisi tukaendelea kupanda Kitheroni, na aliyeshika kamba za ng'ombe ni mwanao.

Mnasithea

*

Plataia, siku hiyohiyo, barua hii naifunga pamoja na ya wifi

Klearista kwa Mama yake, shikamoo.

Mnasithea ameshakumwagia yote, kwa hiyo yangu ni mafupi.

Tulipofika kileleni waliniachia niwashe moto. Ndivyo Hera alivyofanya: alicheka, akapatana, na bado akalichoma gogo, ingawa ni mti usio na uhai. Zamani niliona huo ni ushamba kidogo kwa mungu. Sasa namwelewa, na nampenda zaidi. Alikosea mbele ya watu wote, akajicheka mbele yao, na hata hivyo hakusema kwamba hakuumia. Mungu wa hivyo mtu anaweza kumwambia shida zake. Moto ulionekana mpaka Thebe, nadhani. Damofilo alisimama karibu nami akitazama kazi yake ya miezi mitatu inavyoungua, nikamuuliza kama haimwumi. Akasema inamwuma, ndiyo maana inafaa kutolewa.

Yale maneno aliyokuwa akiyasema bandani nimeyasikia. Hayo sikuandikii.

Mtoto bado sina, na huenda nisimpate. Nalijua hilo, nimelilia, nitalilia tena. Baba mkwe alisusa kula nasi kwa siku kadhaa. Jana akarudi mezani, akaketi, akatazama huku na huku, akasema, "Haya. Na hao wajukuu, niwaote?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Damofilo akanitangulia. Aliweka kikombe chini, akamsogezea mzee sahani ya dengu, akasema, "Baba, kula."

Mzee akala.

Klearista